Maneno Nilisema Kwenye Kilio

Bibi yangu, mama ya batoto wangu, hakugombana. Alifunga kitenge, akabeba kuku wake wawili, akasimama mulangoni: "Mi naenda kwa kaka yangu Mboko. We uende kwa yule mama psikologe wa hospitali. Kama hauendi, usinifuate."

Psikologe, kwa bale hawamujui, ni muganga wa mawazo. Hana sindano. Mi sikusoma sana, mwalimu wetu wa mwaka wa tatu alikwenda kuvua ndagala na darasani hakurudi tena, kwa hiyo naandika kama naongea. Bibi alisema nimekuwa muntu wa nje: kwa batu nacheka, nasimulia mpaka bananiletea pombe, lakini nyumbani muntu akitaja jina la kijana wetu natupa sahani. Kijana alikufa Misisi, kwenye shimo ya dhahabu. Iko mwaka wa ine sasa.

Nilikwenda. Siyo kwa kupenda. Muzee akiachwa na bibi anapika mwenyewe, na mi ugali wangu hata kuku ya jirani walikuwa banakimbia.

Chumba ya yule mama iko nyuma ya hospitali moja hapa Baraka, na benchi ya kungojea imewekwa kwenye njia ya kwenda maternité, kwa bamama ya kuzaa. Nusu ya muji inapita pale. Jirani yangu muuza samaki aliniona, akatua beseni chini kabisa.

"Eeh, muzee! Na we kichwa kimeruka?"

"Nimekuja kukifunga kamba kisiruke."

"Funga na mudomo basi, hiyo ndiyo inaruka zaidi!"

Batu ya benchi bakacheka, hata bagonjwa.

Ndani kulikuwa viti viwili vya plastiki, meza, na karatasi ya kupangusa machozi. Yule mama mwenyewe alikuwa mudogo kuliko binti yangu wa mwisho. Akaniambia: "Karibu, papa. Ile tunasema hapa inabaki hapa. Sitakupa dawa. Sitakuamulia cha kufanya. Tutakuwa na saa moja kila Alhamisi." Nikawaza: basi we kazi yako ni gani?

Halafu akashika kalamu, na pale ndipo nilikosea. Sisi batu ya Fizi tunajua muntu wa misaada, mwenye kalamu, anayeuliza mateso. Anakuja na liste ya maulizo. Ulikimbia lini, batoto ngapi, nini iliungua. Ukijibu vizuri unapewa shitingi ya kufunika nyumba na sufuria. Ukilia pahali panafaa, wanaongeza blanketi. Nimejibu liste nyingi. Basi nikamupangia yote: tulivyokimbia vita kwa miguu mpaka Swima kando ya ziwa, mutumbwi, kambi ya Tanzania, na kurudi tukakuta majani yameota ndani ya nyumba. Nikanyamaza kidogo pale ambapo wageni huwa banapumua kwa huruma.

Hakupumua. Aliweka kalamu chini.

"Papa, hiyo unaisema vizuri, umeizoea. Ile haujazoea kusema iko wapi?"

Hasira ilinipanda. Nilisimama, nikafika mulangoni, nikashika kitasa. Nikamukumbuka bibi na kuku zake. Nikarudi kukaa.

Huku kwetu, siku ya kilio, kabla ya kwenda kuzika, baba anasimama mbele ya batu bote na kueleza kifo: kilianza wapi, kilikuja vipi. Watu wasikie, kusiwe maneno ya uchawi. Mi nilisimama. Nilisema: "Mutoto huyu nilimukataza kwenda Misisi. Alikuwa kichwa ngumu. Alitoroka." Batu bakatikisa kichwa. Bibi yangu alikuwa chini, kwenye mukeka, hakuinua macho.

Lakini mutoto hakutoroka. Alikuwa anasoma, mwaka wa ine wa sekondari, na alitaka kumaliza. Mi ndiye nilimutoa shuleni, nilimuambia aende shimoni, sababu nilitaka nyumba ya bati kama ya jirani.

Nikamuambia yule mama yote hayo. Kisha nikangojea. Padri anakupa sala za kutubu, unaondoka. Bazee ya kijiji banakutoza mbuzi, neno linaisha. Yeye alisema tu: "Nimekusikia. Saa yetu imeisha. Pengine kesho utajisikia vibaya kuliko ulivyokuja, papa. Hiyo hutokea." Na kweli, siku mbili sikula.

Siku ya tatu nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Mboko. Shemeji akaniletea kiti. Bibi, anamenya muhogo, akasema: "Usimukalishe, anarudi." Nikamuambia nikisimama, vile nilisema kule kwa psikologe.

"Ndiyo habari umeniletea? Nilijua. Mi ndiye nilimufungia chakula ya njia."

"Basi rudi nyumbani, mama."

"Mashangazi yake mpaka leo bananiambia, pole, mutoto wa kiburi hadumu. Miaka ine naitika asante. Uliyasema mbele ya batu, uyatoe mbele ya batu. Siyo kwa msichana, mulango umefungwa."

"Bengine balishakufa."

"Kuna baliobaki. Banatosha."

Alhamisi nikamuomba yule mama anisemee, batu huogopa bale ya hospitali. Akakataa: "Papa, kwenye kilio sikuwako. Ukisimama wewe, neno la kwanza litakuwa gani?"

Mi, nimesimama kwenye vilio vya muji huu sijui mara ngapi, nikajaribu, ikatoka ileile: "Nilimukataza." Tulijaribu hivyo mpaka saa ikaisha.

Nimekwenda Alhamisi tano sasa. Neno la kwanza nimelipata: "Mutoto wangu alinitii." Mbele ya batu sijalisema. Mama yake iko Mboko bado.