Kadi ya Picha ya Kaka Novatus

Vumbi likipata moto ndani ya kompyuta lina harufu yake. Huwa kama godoro la zamani lililoanikwa juani, na kwa chini kuna ukali wa plastiki unaowasha pua. Mimi riziki yangu iko humo. Nafungua mashine za watu hapa Kayanga tangu asubuhi mpaka jioni, na kwa haki ningekuwa nimeizoea. Sijaizoea. Kila nikiinusa narudi sebuleni kwetu Nyabiyonza, nikiwa darasa la tano. Nawasimulia ninyi kwa sababu nyumbani hadithi hii sina wa kumwambia.

Kompyuta ile aliileta kaka yangu Novatus. Ilikuwa imetumika miaka mingi kwenye ofisi moja Bukoba. Ofisi ilipopata mpya, za zamani zikauzwa kwa bei ya kutupa. Alifika nayo kwenye bodaboda, amelipakata lile sanduku jembamba jeusi ambalo sote tuliliita sipiyu, na Mama akampangusia meza kwa upindo wa kanga kana kwamba amepokea mkwe.

Lazima niwaeleze kwa nini Mama alifurahi hivyo. Baba yetu alifia Kyerwa, kwenye mashimo ya madini ya bati. Kifusi kilimfunika yeye na mwenzake, na waliomleta nyumbani walimleta akiwa amefungwa kwenye turubai. Novatus alipomaliza kidato cha nne bila kufaulu, vijana wa rika lake walikuwa wakienda huko huko, maana kibanja cha urithi kikigawanywa hakimtoshi mtu, na kahawa ina misimu yake ya kununa. Mama alimkalisha chini akamwambia, "Mwana wange, lile shimo limeshakula mmoja wetu. Fanya kazi yoyote, hata kuchunga mbuzi za watu. Huko usiende." Novatus akajifunza kupiga video za harusi. Sasa kilichobaki kilikuwa kuzihariri mwenyewe, nyumbani. Mashine ikiweza, kaka anabaki. Isipoweza, anakwenda Kyerwa. Hilo hata mimi mtoto nililijua.

Na mashine haikuweza. Bibi harusi alikuwa akianza kukata keki, kisu kikifika katikati picha inaganda. Unaweza kwenda kisimani ukarudi ukamkuta bado kashika kisu, mdomo wazi, na bwana harusi kafumba jicho moja. Mimi nilicheka mpaka nikafukuzwa. Mama hakucheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Huyu mgeni wako, Nova, jembe lenyewe halishiki?"

Novatus akamweleza kwamba mashine za ofisi hutengenezwa kwa ajili ya kuandika barua. Zinachora picha kwa shida, kwa akili ile ile ya kufanyia hesabu. Dawa yake ni kuipachikia kadi ya picha, kifaa chenye feni yake na akili yake, kazi yake kuchora tu. Mama hakuelewa, ila alilishika neno dawa.

Kadi aliileta Mzee Salum, mwenye duka la simu na redio pale Kayanga, mtu ambaye wazee wake walitoka Tanga na aliyekuwa akifuata bidhaa Kampala. Alikuwa mkweli. Nilikuwapo alipomkabidhi kaka akamwambia, "Kijana, hii imeshafanya kazi kwa mtu mwingine. Ipe hewa tu, haitakusumbua."

Siku ya kuipachika, Novatus alituweka mbali kama mganga. Bisibisi moja, taa ya simu, jasho. Kadi ikaingia mahali pake vizuri, lakini ilikuwa na kimo kikubwa kuliko sanduku, na kifuniko kikagoma kufunga. Akakisukuma, akakigeuza, akakaa akikitazama. Mwishowe akakiweka uvunguni mwa kitanda, akailaza sipiyu ubavu juu ya meza, tumbo wazi, feni ndogo ikionekana inavyozunguka. Kisha akawasha. Bibi harusi akakata keki kwa mkupuo mmoja, akamlisha mumewe, akafutwa mdomo, watu wakacheza. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaposwa.

Zilifuata wiki za raha ambazo sijaziona tena nyumbani kwetu. Harusi zilikuja kutoka Bweranyange mpaka Mabira. Mama akaacha kuamka alfajiri kumsikiliza kaka kama bado yumo ndani. Kilichomsumbua kilikuwa kimoja tu: ule uchi.

Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, chupa ya chai ilikuwa na chake, makochi yote, hata picha ya Baba ukutani ilining'iniziwa kimoja. Mama ndiye aliyekuwa mfumaji hodari, wanawake walikuja kuiga maua yake. Sasa kitu kilichomwokoa mwanawe kinalala mezani tumbo wazi, na vumbi lote lile la barabarani! "Wageni watasemaje?" aliuliza. Novatus akacheka tu, akasema wageni waje kutazama harusi, wasije kutazama sipiyu. Laiti siku ile asingecheka, akaeleza.

Mama akafuma kimyakimya. Alikuwa akificha kazi yake chini ya mto kaka akiingia. Jumamosi moja Novatus aliiacha mashine ikiunganisha video nzima ya harusi ya watu, kazi ya saa nyingi, akaenda kupiga nyingine Nyaishozi. Mama akakitoa. Kilikuwa cheupe, chenye maua ya manjano, kizito, kimekunjwa mara mbili. Akakitandaza juu ya lile tumbo wazi, akanyoosha pembe kwa viganja. "Haya," akasema, "sasa amevaa." Tukaenda kibanjani kuchuma kahawa, na njia nzima aliimba.

Tuliporudi, Mama alipitiliza jikoni na ndizi zake. Novatus naye ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye bodaboda, nikaingia naye sebuleni. Ile harufu ilitupokea mlangoni. Kaka aliinua kitambaa, kikagoma; kilikuwa kimevutwa na feni, nyuzi zimejizungusha pale pote. Alikikata kwa wembe. Kisha akachukua pini akaanza kutoa nyuzi, uzi baada ya uzi, akizitia mfukoni mwa shati. Mimi nilidhani anasafisha. Alijaribu kuwasha. Hakuna kilichoitika, si kadi, si sipiyu yenyewe.

Mama alipoingia, kitambaa kilikuwa kimekunjwa, upande uliochanika ndani.

"Imekufa, Mama," kaka alisema. "Kadi ilikuwa mbovu."

"Maawe! Mbovu vipi na ilikuwa inafanya kazi?"

"Mbovu tangu mwanzo. Ilikuwa inangoja siku tu." Kisha akakikumbatia kile kitambaa. "Hiki kizuri mno, nakitaka kiwe changu. Nitakwenda nacho."

Mama akaketi chini. Hakuuliza anakwenda nacho wapi.

Siku ya soko alikwenda kumtukana Mzee Salum mbele ya wateja. Alimwita mwizi, muuaji wa watoto wa watu. Nilikuwa nimeshika kanga yake, natamani ardhi ipasuke. Mzee yule aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama," akasema. "Mungu atampa kijana riziki nyingine, inshallah." Baadaye nilikuja kujua kwamba Novatus alikuwa amemtangulia Mama dukani, akamwomba mzee azibebe lawama. Mama hakuitikia tena salamu yake, na mzee hakuacha kumsalimu mpaka alipofariki.

Novatus akawarudishia watu video zao, akaomba radhi nyumba hadi nyumba, akaenda Kyerwa.

Mimi niliamini ile kadi ilikuwa mbovu mpaka nilipokuwa fundi. Siku moja mteja akaniletea mashine iliyovuta pazia kwenye feni. Nilishika kibanio nikaanza kutoa nyuzi, uzi baada ya uzi, nikamwona kaka na pini yake. Nilifunga duka mapema, nikalia.

Mwaka huu kaka amerudi nyumbani. Mashimo hayakumfunika, yamemwingia kifuani. Mkungu wa ndizi hawezi kuubeba. Wiki iliyopita nilikuwa namenya ndizi na Mama, kaka akikohoa chumbani, mlango wazi.

"Koku," Mama akaniita, hanitazami. "Wewe mambo haya unayajua. Ile kadi ya kaka yako, kweli ilikuwa mbovu? Au kuna kitu tulikosea?"

Kikohozi kikanyamaza chumbani.

"Ilikuwa mbovu, Mama," nikasema. "Hata mimi nisingeiponya."

Akashusha pumzi, akachukua ndizi nyingine. Chumbani kaka akaanza tena kukohoa. Nilipokuwa mdogo nilidhani mtu husema uongo ili yeye apone. Kaka hajapona, na mimi zamu yangu ndiyo kwanza inaanza.