Funguo Mbele ya Maiki

Wateja walimwita Mama Ngurumo, ingawa alikuwa mwembamba na mwenye sauti ndogo. Yeye na wifi yake walikodisha vyombo vya sauti kwa harusi na mikutano, wanawake wawili na gari dogo ambalo mlango wake wa nyuma hufungwa kwa kamba. Kabla ya kila shughuli alitikisa funguo zake mbele ya maiki. Mlio ukitoka kwenye spika mwembamba na safi, maneno ya wasemaji yatasikika vizuri. Ukitoka mzito, spika ni mbovu.

Ndivyo alivyozikataa spika zao za zamani, wakaziuza. Sasa walikuwa dukani kuchagua nyingine, zenye amplifaya ndani yake, pamoja na sabufa, spika ya midundo mizito. Harusi ilikuwa keshokutwa.

Muuzaji akawasha ya kwanza. Mama Ngurumo akatikisa funguo.

"Hii imefunikwa blanketi," akasema.

Ya pili pia blanketi. Kwenye ya tatu alizungusha kitufe cha sauti nyembamba, akaongeza, akaongeza tena.

"Mama, unatutoboa masikio!" muuzaji akalia.

Wifi akacheka. "Mzoee huyo. Hata maji ya kunywa huyaonja kwanza."

Lakini wifi alikuwa ameziba sikio kwa kiganja, na Mama Ngurumo akakiona kile kiganja. Akakumbuka harusi iliyopita, wageni wa mbele walivyohamisha viti, naye akadhani wanakimbia jua. Akasogea pembeni, akatikisa funguo karibu na sikio la kulia. Mlio ulikuja kwa mbali. Akazipeleka kushoto. Kimya. Chuma tu, baridi vidoleni.

Spika za zamani zilikuwa nzima.

"Nikufungie hii?" muuzaji akauliza.

Angeweza kuitikia tu kwa kichwa, akabahatisha. Nani atamkodi fundi wa sauti asiyesikia? Na wifi na wanawe watakula wapi? Kisha akamwona akilini baba wa bibi harusi akishika maiki, na ukumbi mzima ukiziba masikio.

"Wifi, njoo huku."

Wakasimama nyuma ya maboksi.

"Sizisikii funguo."

"Funguo zipi?"

Akazitikisa kati ya nyuso zao. Wifi akamtazama, kicheko kikamfutika usoni.

"Tangu lini?"

"Sijui. Naogopa, wifi."

"Hata mimi naogopa." Akanyoosha mkono. "Haya, zilete. Umenifundisha mwenyewe, au ulidhani nilikuwa nabeba stendi tu?"

Wifi akazitikisa mbele ya kila spika, akarudi kwenye ya pili. "Hii. Nasikia kila ufunguo na mlio wake."

Kwa upande wa sabufa, aliyechagua ni Mama Ngurumo kwa kuhisi mtetemo, kiganja juu ya boksi na kifua karibu nalo. Muuzaji alipopiga muziki, ile kubwa ilitingisha mlango wa duka, lakini kila pigo liliendelea kunung'unika mbavuni mwake baada ya ngoma kunyamaza.

"Inaburuta. Halafu ngazi za ukumbi nani atapanda nayo? Tupe hizi mbili ndogo."

Wifi ndiye aliyeendesha gari kurudi.

"Kesho daktari wa masikio."

"Tumalize harusi kwanza."

"Kesho, wifi."

Mama Ngurumo akaitikia kwa kichwa. Funguo zilining'inia kwenye swichi ya gari, na kila walipopita shimo ziligongana. Mama Ngurumo alizitazama njia nzima, akisubiri mlio.