Kadi Niliyomtafutia Kalala

Kosa ni langu. Si la serikali, si la wachungaji, si la wale waliokuwa wakibishana redioni kutwa nzima kuhusu chanjo. Ni langu mimi, na sitalipunguza.

Jina langu sitalitaja. Majina ya wengine humu nimeyabadilisha, maana tunaishi Likasi, Kongo, na hapa watu wanajuana mpaka ndani ya sufuria. Acha nikueleze wewe unayesoma kana kwamba tumekaa wawili tu kwenye kibao changu cha kuuzia chakula. Kwetu sina tena wa kukaa naye.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Mama alitangulia, na mwaka haujaisha baba akamfuata. Niliacha shule nikabaki na wadogo wawili: Ngalula, na Kalala aliyekuwa kitinda mimba. Ndugu za baba walikuja kutoka Kasai. Walilia siku tatu, siku ya nne wakaanza kupima vyumba kwa macho. Walitaka nyumba yetu ya mtaa wa Shituru. Nilifungua valisi ya baba, sanduku lake la safari, nikatoa karatasi za nyumba zenye muhuri, nikazilaza mezani mbele yao. Walirudi kwao na godoro moja tu.

Siku ile nilijifunza jambo ambalo baadaye liliniangamiza: kwamba karatasi yenye muhuri humlinda mtu.

Tangu hapo valisi ikakaa chini ya kitanda changu. Vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo, vya shule, vyote vilikuwa humo, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Aliyehitaji karatasi aliniomba mimi, yaya, yaani dada mkubwa. Na neno langu nikilisema halikurudi nyuma. Watu walinisifu kwa hilo. Ole wangu, walinisifu!

Kalala alizaliwa na ule ugonjwa wa damu tunaouita SS, yaani selimundu. Baridi ikija, mifupa ilimuuma mpaka anauma shuka. Nilimbeba mgongoni kwenda hospitali tangu akiwa mdogo, nikaendelea kumbeba mpaka miguu yake ikawa inaburuta chini, na watu njiani wakawa wanacheka. Sikuacha.

Nilikuwa nikiuza chakula kwenye kampuni moja inayoyeyusha shaba. Bukari, yaani ugali, samaki, na sombe ya majani ya muhogo. Korona ilipokuja, wafanyakazi walifungiwa ndani, wakawa wanalala hukohuko, na sisi wauzaji tukabaki nje ya geti tunatazamana na sufuria zetu. Makanisa yakafungwa. Shule zikafungwa. Kilio, yaani matanga, kikawa cha watu wachache, wamevaa kashene, zile barakoa, usoni, hata hujui nani analia na nani anatazama tu.

Kisha wakasema watafungua. Lakini hakuna mtu atakayevuka geti bila kadi ya chanjo. Si mfanyakazi, si dereva, si mama wa bukari. Na wakati uleule Kalala alikuwa amepata nafasi ya kujifunza kuchomelea vyuma katika karakana ya humohumo. Alikuwa na furaha! Alikwisha kununua miwani ya kuchomelea kabla hata ya kuitwa.

Siku za mwanzo, kabla kadi hazijaanza kukaguliwa getini, watu walibishana kwenye kibao changu huku wakila. Aliyepiga kelele zaidi alikuwa Papa Dédé, dereva wa lori.

“Minye habatanipiga ile shindano,” alisema, akimaanisha sindano ya chanjo, tonge mkononi. “Wakati ya konfinema balifunga kanisa, balifunga nganda ya pombe, balifunga hata kilio. Sasa banasema kufungua inchi ni kupiga bantu shindano. Minye niko kufuli?”

Watu wakaangua kicheko.

“Papa Dédé, sema kweli, weye unaogopaka shindano tu! Hata ya malaria unaliaka kama mutoto.”

“Cheka, ndugu yangu, cheka. Banasema ukipiga ile, miaka mbili tu, kwisha.”

“Na ukikosa kazi, weye utafika miaka mbili?”

Hapo kila mtu akatazama sahani yake. Kisha wakanigeukia mimi.

“Na weye, mama, unasema nini?”

“Minye nasema mukule, bukari inapoa.”

Wakacheka tena. Nilikuwa na akili, si ndiyo? Sikuwa upande wa yeyote. Lakini moyoni nilikwisha kuamua. Katika kikundi chetu cha maombi mama mmoja alikuwa ametuambia kwamba chanjo ile ikiingia kwenye damu ya SS, damu inaganda kama uji. Sikumuuliza amejuaje. Nilikuwa nimekizuia kifo cha Kalala kwa mikono yangu tangu yuko mdogo. Nilijiambia sitampeleka kwenye kifo mimi mwenyewe.

Kalala alinibishia. Mara hiyo moja tu.

“Yaya, dokta wa SS amesema siye ndiyo ba kwanza kupiga. Ile ugonjwa ikitukamata, haituachake.”

“Ule dokta alikubebaka mugongo?”

Akatazama chini.

“Hapana, yaya. Ni weye.”

Mjadala ukaishia hapo. Ngalula alifungua mdomo aseme kitu, nikamwambia aendelee kutwanga sombe.

Palikuwa na muuguzi mmoja aliyekuwa akila kwangu. Kwa mwezi mzima hakulipa sahani hata moja. Nilifungua valisi, nikampa majina yetu matatu na tarehe za kuzaliwa, naye akaniletea kadi tatu. Kila moja ina mihuri miwili na tarehe mbili, kana kwamba tulidungwa mara mbili. Hakuna aliyeguswa na sindano. Nilizitazama nikazipenda! Nikamshukuru Mungu! Fikiria, nilimshukuru Mungu.

Tukavuka geti. Mimi na Ngalula na sufuria zetu, Kalala na miwani yake. Mlinzi alisoma kadi, akasema, “Pita, papa.” Kalala akanigeukia akatabasamu, lakini tabasamu lake halikufika machoni.

Miezi ikapita. Siku moja habari ilitoka kwenye kliniki ya SS: kijana mmoja waliyekuwa wakitibiwa pamoja alikuwa amekufa kwa korona. Kalala hakula jioni ile. Kesho yake, bila kuniaga, alikwenda peke yake kwenye hema la chanjo. Yeye ambaye hakuwahi kuvuka neno langu!

Alirudi mchana, akakaa kwenye kizingiti.

“Yaya, banatafuta jina kwa kitabu, banakuta minye nilishapiga. Mbili. Mama wa pale akacheka: ‘Papa, unataka ya tatu ufanye nayo nini? Acha bengine bapate.’”

Alicheka kidogo akinisimulia. Kisha akaacha.

Mimi sikuwa nimefikiri juu ya kitabu. Nilidhani tumepata karatasi tu. Kumbe majina yetu yaliandikwa pia katika daftari lao, na mlango nilioufungua kule kazini nilikuwa nimeufunga huku.

“Twende bote,” aliniambia. “Weye ukisema kweli, bataondoa lile jina, banipige. Ni dakika mbili, yaya.”

Dakika mbili! Nikaanza kuhesabu mengine. Nikisema, tutanyang'anywa kadi. Geti litafungwa kwangu, karakana itafungwa kwake, muuguzi atakwenda gerezani na mimi nyuma yake. Na zaidi ya hayo yote, nitasimama mbele ya mwanamke nisiyemjua, niseme kwamba mimi, mkubwa wa nyumba, nilikosea.

“Ngoja kidogo,” nikamwambia.

“Kidogo ni siku ngapi?”

“Kidogo.”

“Basi, yaya.”

Mungu wangu, lile “basi”! Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama alivyokuwa akisema akiwa mtoto, nikimwambia leo hakuna sukari.

Baridi ya Julai ilimkuta hajadungwa. Alitoka karakana anakohoa, usiku ule mifupa ikaanza, na asubuhi pumzi ikawa fupi. Tulimpeleka hospitali, Ngalula upande mmoja, mimi upande mwingine. Daktari alikuwa kijana, amechoka, macho mekundu.

“Amechanjwa korona?” aliuliza.

Nilikuwa nimemkabidhi kadi kabla hajamaliza swali.

Kalala alikuwa amelala pale, kifua kinapanda na kushuka. Alinitazama. Hakuwa na pumzi ya kusema, lakini macho yake yalikuwa mazima.

“Vizuri, amepata zote mbili,” alisema daktari. “Basi tuangalie kwanza hii shida ya SS.”

Ngalula alinivuta kitenge. “Yaya, sema.”

“Nyamaza.”

“Yaya, nakuomba. Sema!”

“Ngalula, nyamaza!”

Wakamtundikia maji, wakampa dawa ya mifupa, wakamlaza katika chumba cha wagonjwa wa kawaida. Kipimo cha korona kilifanywa kesho yake, kikaonyesha anayo. Oksijeni ikaletwa. Siku ya tatu, saa ya chakula, wakati watu wanaingia na vibakuli vya wagonjwa wao, Kalala wangu alikata roho. Nilikuwa na uji wake mkononi.

Je, ningesema kweli siku ya kwanza, angepona? Sijui. Sijamuuliza daktari. Ninaogopa jibu lake kuliko ninavyoogopa kaburi.

Ungedhani hapo nilijifunza. Sikujifunza!

Kwenye kilio, Papa Dédé alilia kweli. Alikuwa akimpenda Kalala, alikuwa akimpakia kwenye lori lake na kumshusha getini. Akasimama katikati ya watu, jasho na machozi vinachanganyika.

“Mutoto alipata mbili! Siye bote tuliona kadi yake kwa mulango! Mbili! Na leo iko wapi? Munione, minye sikuwa namudanganya muntu!”

Watu wakaitika. Habari ikatoka pale ikaenda bombani, ikaenda sokoni, ikaingia kanisani. Waliokuwa wanasitasita wakaacha kusitasita. “Hamukuona ule kijana wa Shituru? Alipiga mbili.” Ndugu yangu, ambaye kosa lake lilikuwa kunitii, akawa ushahidi dhidi ya kitu alichokuwa akikiomba.

Na mimi nilikaa kwenye mkeka nikawaacha waseme.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni Mama Bea. Binti yake Bea ana SS pia. Yeye na Kalala walikua pamoja kwenye mabenchi ya kliniki, wakigawana mihogo ya kukaanga. Siku ya kuondoa kilio, ya kumaliza matanga, wakati tunagawa chakula, Mama Bea aliniinamia. Bea alikuwa amekaa pembeni yangu.

“Yaya, unisamehe kukuuliza leo. Minye nilikuwa nataka kumupeleka Bea kwa shindano. Lakini bantu banasema mingi. Weye utaniambia kweli. Kalala alipata zote mbili?”

Ngalula alikuwa amesimama na sahani mbele yetu. Akasimama vilevile.

Nikasema, “Ndiyo. Mbili.”

“Basi, Bea wangu hatapiga. Asante, yaya. Weye ndiyo unajua uchungu.”

Ngalula aliweka sahani chini, taratibu, isimwagike. Akanijia sikioni.

“Yaya, umemuzika mara mbili.”

Kulipokucha alikuwa amefunga nguo zake. Alikwenda Koni kwa rafiki wa zamani wa mama. Hakuniomba cheti wala karatasi yoyote kutoka kwenye valisi. Mpaka leo hajarudi. Anawatumia majirani salamu, jina langu halimo.

Nilibaki na uongo ule miezi mingi. Nilikuwa ninapika, ninauza, ninasali. Kisha siku moja nilimwona Bea anafua nguo uani, amevaa fulana ya zamani ya Kalala aliyokuwa amempa. Nikachukua kadi, nikaenda kwa mama yake. Alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia yote, tangu sahani za muuguzi mpaka “nyamaza” niliyomwambia Ngalula.

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana!

“Ile siku nilikuuliza,” alisema, “Bea alikuwa pembeni yako. Ulimuona?”

“Nilimwona.”

Akarudi kwenye maharage yake.

Kesho yake alimpeleka Bea. Hema halikuwepo. Lilikwisha kukunjwa, watu walikuwa wachache mno, na dozi zilizobaki zilikuwa zimepelekwa kwingine. Waliambiwa wangoje. Mpaka ninapoandika, bado wanangoja. “Kidogo,” waliambiwa. Ndiyo, neno langu lilelile.

Nilikwenda pia getini nikamweleza mkuu wa walinzi. Nafasi yangu ya kuuzia ilikwisha siku ileile. Sasa ninauza kando ya barabara, vumbi la malori linaingia kwenye bukari. Papa Dédé nilimwambia mbele ya watu aliokuwa nao. Akasema bila kupiga kelele, “Mama, minye nilienda nikasema kila fasi, kwa soko, kwa kanisa. Sasa nitayafuata wapi yale maneno?” Wengi hata leo hawaniamini. Wanasema huzuni imenichanganya.

Bea yu hai. Lakini akikohoa upande wa pili wa ukuta, ninaacha ninalofanya, ninangoja kusikia kama atakohoa tena.

Wewe uliye mkubwa wa nyumba, uliyewalea wadogo bila baba wala mama, nisikilize. Mtoto anayekutii amekukabidhi uhai wake. Akikubishia mara moja katika maisha yake yote, kaa chini umsikilize! Kama unaiogopa chanjo, nenda ukamuulize daktari hofu yako uso kwa uso, usinunue muhuri wa kuifunika. Na kama umekwisha kudanganya, sema leo, hata kama utapoteza kazi, hata kama watakucheka. Mimi niliombwa dakika mbili.

Valisi bado iko chini ya kitanda. Kadi ya Kalala nimeiweka pamoja na cheti chake cha kifo, maana sikujua pengine pa kuiweka. Kadi inasema amekingwa, cheti kinasema amekufa. Vyote viwili vina muhuri. Ufunguo ungali shingoni mwangu, na hakuna anayekuja kuniomba karatasi.