Wiki Sita Chini ya Meza ya Kukatia

Mafundi cherehani tunawajua. Akikwambia njoo Ijumaa, hajakwambia Ijumaa ipi. Utakwenda na kurudi mpaka soli ziishe, na kila ukifika utaambiwa kimebaki kifungo tu. Fundi wetu huyu hakuwa wa aina hiyo. Kwake Ijumaa ilikuwa Ijumaa, na ukichelewa wewe kuja kuchukua nguo, utajieleza mwenyewe. Wateja walimwogopa kidogo na kumpenda sana, na chumba chake cha mbele, kilichokuwa duka mchana na sebule jioni, hakikukosa mtu.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mguu wake wa kulia mfupi kuliko wa kushoto. Alichechemea tangu utotoni. Cherehani aliikanyaga kwa mguu wa kushoto, ule wa kulia ukakaa pembeni kama mgeni asiyejua pa kuweka mikono. Aliishi na mama yake mzazi, aliyemfundisha kazi hiyo kabla macho hayajaingia ukungu. Na aliishi na paka, ikiwa kupitia nyumbani kula ni kuishi.

Paka mwenyewe alikuwa dume la kijivu, wakamwita Kiguu na Njia, na jina halikumwonea. Alikula kwa Fundi, akalala kwa jirani, akachumbia mtaa wa pili. Akirudi sikio limechanika, Fundi humwambia, "Umeyataka mwenyewe," kisha humpa kichwa cha samaki.

Asubuhi moja alirudi akiburura mguu wa nyuma. Alijitupa juu ya suruali ya bwana harusi iliyokuwa inangoja pasi, akaanza kuhema. Fundi, ambaye mtu akiweka hata kikombe karibu na nguo ya mteja husikia maneno yake, hakuitazama ile suruali. Alimviringisha paka kwenye shuka, akampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa binti mrefu aliyezoea ng'ombe. Aliupapasa mguu kwa vidole viwili tu.

"Mfupa umevunjika, Fundi, ila haujaachana sana. Nitamfunga vijiti na bandeji. Wiki sita asikimbie, asiruke, asipande hata kiti."

"Huyu?"

"Huyu huyu. Akiruka kabla haujaunga, utakaa vibaya, na hapo sina ujanja mwingine. Tutaukata."

"Wiki sita," Fundi akasema. "Nimesikia."

Meza yake ya kukatia vitambaa ilikuwa na rafu pana chini. Siku hiyohiyo aliondoa majora yote, akazungushia waya wa banda la kuku, akatia mlango wenye komeo, akatandika mabaki ya flana. Ukutani, kwa chaki ya kuchorea nguo, alipiga mstari wa kwanza. Ingekuwa arobaini na miwili.

Kiguu na Njia alilia. Alilia asubuhi, akalia mchana, akalia mtu akipimwa kiuno. Wateja walikuja wakiinama chini ya meza. "Fundi, mfungwa wako ana kosa gani?" mmoja akauliza. "Alichelewa kuchukua nguo," Fundi akajibu, bila kuondoa pini mdomoni.

Aliyeshindwa kabisa kuvumilia ni mama. Siku ya tisa alikuja na mkongojo wake hadi mbele ya ule waya.

"Mwanangu, mfungulie. Mnyama wa kutembea ukimfunga unamuua."

"Wiki sita, mama."

"Analia."

"Hata mimi nililia."

Neno lilikuwa limeshamtoka. Kwa miaka arobaini na moja halikuwahi kusemwa ndani ya nyumba ile. Fundi alivunjika mguu akiwa na miaka saba, alipoanguka kwenye ngazi. Hospitali walimtia plasta wakasema wiki nane. Akalia: inawasha, inabana, wenzake wanacheza nje. Wiki ya tano mama yake, ambaye hakuwa na roho ya kusikia mtoto akilia, aliilowesha plasta kwa maji ya moto akaikata kwa mkasi wa kazi. Mtoto alicheka siku nzima. Mfupa ukaunga ulivyotaka wenyewe. Mkasi huo ndio Fundi anaoukatia vitambaa mpaka leo, maana mkasi haukuwa na kosa.

Mama aligeuka, akarudi chumbani kwake polepole, na Fundi akabaki anakanyaga cherehani isiyo na uzi. Alijuta, naam, lakini hakufungua.

Kesho yake mama alitoka na pamba imejaa masikio yote mawili. Kuanzia hapo ukimsemesha ilibidi upaze sauti, naye alijibu kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Fundi aliona ni hasira.

Wiki ya tatu paka alianza kutafuna bandeji. Fundi akasema hilo ni la ufundi, niachieni mimi. Alimshonea kifuko cha kitambaa kizito cha kufunika mguu mzima, akapima mara tatu, akabana hapa na pale, maana maishani mwake hakuna alichochukia kama nguo inayopwaya. Kilimkaa vizuri mno. Wateja walikisifia. Baada ya siku mbili vidole vya paka vilikuwa vimevimba na kuwa baridi.

Daktari alikifumua, kisha akauliza, "Fundi, sare ya mtoto wa shule unaiachia nini kwenye pindo?"

"Vidole viwili. Mtoto hukua."

"Na mguu wenye jeraha hufanya nini?"

"Huvimba," Fundi akasema. Hakuna mtoto katika mtaa ule ambaye hakuachiwa kitambaa cha akiba, na yeye huyohuyo alikuwa karibu kuozesha vidole vya paka kwa sababu ya unadhifu. Alishona kifuko kingine, kilichopwaya kama gunia, akamvalisha. Mguu ukapona ule uvimbe. Lakini yeye hakuwa tena na uhakika ule wa mwanzo. Kama alikosea katika kushona, kazi aliyoijua, atajuaje kama hakosei katika hili la kumfungia?

Wiki ya tano paka aliacha kulia, na hilo likawa baya zaidi. Aligeukia ukuta. Samaki hakumgusa, maziwa hakuyanusa. Siku ya pili ya kutokula, Fundi aliweka mkasi chini, akapiga magoti kwa shida yake ya siku zote, akashika komeo.

"Acha hapo," mama akasema nyuma yake.

Alikuwa amekuja na kigoda. Alikiweka mbele ya mlango wa waya, akaketi mzima mzima, na mama huyo hakuwa mwepesi.

"Mama, hali chochote. Atakufa humu ndani."

"Hafi. Nawe ulikaa siku mbili hujala, nikaogopa kama unavyoogopa sasa." Alitoa pamba sikio moja, akaishika mkononi. "Siku ile ningetia hii masikioni, leo ungekuwa unatembea kama watu. Nimelia kwa ajili ya mguu huo kuliko ulivyoulilia wewe. Sasa nenda kashone. Huyu nitakaa naye."

Fundi alimshika mama yake goti. Mama alichovya kidole kwenye supu ya samaki, akakipitisha katikati ya waya, akakiacha. Mkono ulikufa ganzi. Alasiri paka aligeuza kichwa, akakilamba.

Siku ya arobaini na mbili daktari alikuja mwenyewe. Alibonyeza, akakunja, akakunjua. "Umeunga," akasema. Fundi akavuta komeo.

Kiguu na Njia alitoka, akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akapita kati ya miguu ya cherehani bila kuaga mtu. Uani alitazama juu ya ukuta, akaruka.

"Anachechemea?" mama akauliza. Macho yake hayakufika mbali hivyo.

"Hachechemei."

"Tazama vizuri, mwanangu."

Fundi alikwenda hadi mlangoni. Paka alikuwa anatembea juu ya ukuta mwembamba, mguu mmoja mbele ya mwingine, yote minne, kuelekea mtaa wa pili.

"Hachechemei, mama. Kabisa."

Mama aliitupa pamba kwenye kapu la mabaki.

"Basi," akasema, "angalau mmoja nimemngojea mpaka mwisho."

Fundi alifuta mistari ya chaki kwa kiganja, akarudi kwenye cherehani. Ilikuwa Ijumaa, na watu wangekuja kuchukua nguo zao.