Jina Ambalo Mama Alilikwepa

Sisi tuliokulia Moroni wakati mamluki wameishika nchi, tunakumbuka asubuhi zilizonukia langilangi na shelisheli za kuchoma. Tulicheza mdako barazani, mashavu yamepakwa liwa, sauti zimetukauka kwa kusoma Kurani.

Mimi nilipewa jina Sitina, la mama yake baba, aliyeishi Mutsamudu, kisiwa kingine. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni bibi mheshimiwa wetu sote. Lakini kwetu mke hatamki jina la mama mkwe, hata jina hilo likipewa mwanawe wa kumzaa. Basi mama aliniita Koko, yaani bibi kwa lugha yetu. Baba naye aliniita "mama" na kuniamkia kwa adabu zote, nami nikiitikia kwa maringo. Shuleni mwalimu akiita Sitina, mpaka wenzangu wanifinye ndipo niitike.

Rafiki yangu Fatima aliitwa na mama yake kwa jina, sauti inasikika mpaka msikitini. Nilimwonea wivu sana. Kila siku nilitega sikio, labda leo mama atajisahau. Wapi!

Bibi alipougua sana, mimi na mama tulipanda meli kwenda kumwona. Bandarini Mutsamudu, mamluki mmoja mwenye bunduki alinishika bega akaniuliza jina. Nikamtazama mama. Naye akamgeukia.

"Koko," mama akasema.

Yule mtu, aliyejua kuwa neno hilo ni bibi, akaona anafanyiwa mzaha, akanivuta pembeni. Hapo mama akapiga ukelele: "Sitina! Anaitwa Sitina, mwanangu huyo!"

Tukaachiwa. Vichochoroni mama alilia njia nzima, amejifunika leso, nami moyoni nafurahi na kuogopa kwa pamoja.

"Kwezi," alimwamkia bibi, akapiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe mama, nimelitaja jina lako mbele ya askari."

Bibi alicheka kwa shida. "Hilo ni lake pia, mwanangu. Limemrudisha mtoto. Litaje tu."

Mama hakulitaja tena, hata baada ya kumzika bibi.

Siku hizi wakwe wanaitana majina kwenye simu kama wanaagiza soda, na mabinti wanapewa majina ya tamthilia ambayo hata aliyeyatoa hajui maana yake. Nawacheka, wao wananiona wa kale. Mama amekwisha kutangulia mbele ya haki. Jina langu sasa analitamka kila mtu, daktari, muuza samaki, watoto wa jirani. Laiti ningemsikia mama akilikwepa tena, hata mara moja.