Dry Maana Yake Simenti

Juzi mjukuu wangu wa kike alikuja likizo, akajikunja mkekani na simu yake. Nikamchungulia. Kulikuwa na herufi saba zimepangwa duara, naye anazichomoa kwa kidole kutengeneza maneno ya Kiingereza. Akaniambia, "Bibi, huu mchezo huuwezi." Mwenzangu, nilicheka hadi nikaweka chini ungo wa maharage. Mchezo ule mimi niliucheza kwa chaki, mama yake hajazaliwa!

Ilikuwa Nyakatuntu, siku zile sote tukiitwa watu wa Karagwe, Kyerwa haijawa wilaya. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha. Sabuni ilikuwa adimu na sukari tuliisikia kwa jina, ila ndizi na maharage havikutunyima. Asubuhi mama alinifungia ebitoke, ndizi zilizopikwa jana, kwenye jani la mgomba, nikashika njia, umande unanilowesha hadi magotini. Darasani tulikuwa thelathini na wanane, na hata leo naweza kukutajia dawati kwa dawati. Kushoto kwangu Evodia, kulia Koku, na nyuma Deusdedit, aliyekuwa akinitekenya shingoni kwa unyasi. Mbele kabisa alikaa Kemilembe, binti wa karani wa ushirika. Asili yao Bukoba, na kwao kulikuwa na redio na kamusi.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Mhaya wa Muleba, mrefu, viatu vinang'aa hata wakati wa matope. Kila Ijumaa aliandika herufi chache ubaoni, nasi tunatafuta maneno yaliyojificha humo. Lakini alikuwa na sharti. "Neno bila maana ni ganda la ndizi," alisema. "Anayetaka alama anipe vyote viwili." Muhula ule akatangaza kwamba mshindi ataenda naye Kaisho kwenye mashindano ya shule, kwa landrova ya misheni. Nafasi moja tu.

Mimi sikuwa nimepanda gari maishani. Gari likipita tulikimbilia kunusa moshi wake, tukiona unanukia. Nafasi ile niliitamani kuliko senene wa kukaanga wa Novemba.

Shida yangu ilikuwa maneno. Nyumbani tulisema Kinyambo, na Kiswahili chenyewe bado tulikuwa kama tunakiazima shuleni. Kitabu sina. Basi nikaanza kuwinda Kiingereza kwenye vitu. Baba alikuwa kibarua wa kuchanganya simenti kanisa lilipojengwa, akituletea karatasi za mifuko tufunikie madaftari. Langu likawa limeandikwa juu KEEP DRY. Debe la mafuta alilotekea mama maji lilikuwa na neno NET. Kwenye jembe jipya kulikuwa na TRADE MARK. Niliyakariri yote, nikipalilia, nikichota maji, yakaingia kichwani pamoja na vitu vyake.

Ijumaa ya mwisho mwalimu akaandika A, D, E, N, R, T, Y. Moyo uliniruka. Matatu ya yale yangu yalikuwa mle, dry, net na trade! Nikaongeza manne ya darasani, ten, red, day na eat, yakawa saba. Kemilembe alikuwa na sita. Koku akanifinya paja kwa furaha.

"Simama," mwalimu akasema. "Dry maana yake nini?"

"Simenti, Mwalimu."

"Simenti?"

"Ndiyo, Mwalimu. Imeandikwa hapa." Nikainua daftari.

"Na net?"

"Debe."

"Trade?"

"Jembe, Mwalimu."

Weee! Deusdedit aliangukia chini ya dawati. Kemilembe akashika mbavu: "Wewe Simenti, mbona hukutuambia kwenu mnalima Kiingereza?" Mwalimu mwenyewe aliegemea ubao, koti likajaa chaki, anafuta machozi. Alipopata pumzi akatueleza kwamba dry ni kavu, mfuko unaomba usilowe. Kisha akayakata yangu matatu. Sharti ni sharti. Nikabaki na manne.

Nililia njia nzima. Mama akanipokea, akasikiliza mkasa wote, akasema, "Basi usililoweshe hilo daftari kwa machozi, si limekuomba?" Nikacheka bila kupenda.

Siku ya safari landrova ilimchukua Kemilembe, utepe mweupe kichwani. Tuliikimbilia hadi konani, vumbi likatumeza. Jioni iliporudi nilidhani atashuka kwa maringo. Hakuringa. Alinivuta mkono hadi nyuma ya jiko la shule.

"Umeniua, Simenti!"

"Nimekufanya nini?"

"Dry ilikuwemo! Nimeiona kabla ya wote. Wakaniuliza maana, na naapa nilikuwa naijua, ni kavu. Nikafungua mdomo, ukatoka wewe."

"Ulisema nini?"

"Simenti! Mbele ya Kaisho nzima!"

Tulitazamana. Akaanza yeye kucheka, nikafuata, tukaishia kukaa majanini tukishikana mabega. Kuanzia Jumapili iliyofuata, tukitoka kanisani, alinipitisha kwao tukafunua kamusi pamoja.

Shule niliiachia darasa la saba, na Kiingereza changu kikaishia kwenye madebe na majembe. Lile darasa la udongo lilibomolewa. Mwalimu alirudi kwao Muleba, akazikwa huko. Evodia na Koku wametangulia, Deusdedit naye. Siku hizi madaftari yanakuja na majalada yake ya picha, hakuna anayeleta nyumbani karatasi ya mfuko. Wa kuniita Simenti amebaki mmoja, na tunakutana misibani tu. Kemilembe akifika huita jina hilo kwa sauti katikati ya waombolezaji, na watu hugeuka kushangaa, hawa wanawake wazee wawili wanacheka nini.