Gitaa Lililokuja na Pikap

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimekwenda chumba cha muziki nikitarajia ngoma, au angalau kayamba, kitu cha kupiga kelele halali mbele ya walimu. Mwalimu wa Muziki alinitazama, akautazama mlango uliokuwa wazi upande wa upepo, akanipa ufagio.

"Adui wa kwanza wa gitaa ni vumbi," alisema. "Wa pili ni jua. Wa tatu ni nyinyi."

Mwalimu alikuwa mtu wa Kenya, kama tunavyowaita hapa Garissa wote waliozaliwa ng'ambo ya daraja la Tana, utadhani sisi tuna pasipoti nyingine. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Mimi nilikuwa. Ndiyo maana miezi yangu ya mwanzo kazini iliishia kwenye ufagio.

Nawaandikia nyinyi wa Gredi ya Kumi mtakaorithi chumba hiki. Mimi niko Kidato cha Nne na nimestaafu. Naibu wa Mwalimu Mkuu amesema mtahiniwa hana kazi nyingine ila kitabu, na safari hii nimemtii. Nina miaka kumi na saba, mgongo hauniumi, pensheni sina. Lakini kazi niliifanya, na jinsi ilivyofanywa wakati wetu hamtaikuta ubaoni.

Kutoka kwenye ufagio nilipandishwa hadi kwenye nyuzi. Klabu ya muziki ilikuwa na gitaa moja tu, na jina lake lilikuwa Ngamia kwa sababu ya nundu. Nundu hiyo haikuwa utani. Gitaa lina daraja, kile kipande cha mbao tumboni kinachoshika nyuzi. Nyuzi zinavuta daraja mchana na usiku, na joto letu linalainisha gundi, basi polepole tumbo huinuka. Tumbo likiinuka, nyuzi nazo zinakaa juu mno ya shingo, na kila noti inataka kidole cha seremala. Kwa Ngamia, panya angepita chini ya nyuzi bila kuinamisha kichwa.

Kazi yangu ilikuwa kukaza na kulegeza vigingi, yale masikio ya kichwani yanayopandisha na kushusha sauti ya uzi. Nililegeza kila jioni ili Ngamia apumzike, nikakaza kila asubuhi. Wakaniita Spana. Hata mama yangu siku hizi ananiita hivyo, akiwa na hasira.

Mkubwa wangu wa karibu alikuwa Mwenyekiti wa klabu, Dekow, kijana wa Kutulo aliyekuwa kidato kimoja mbele yangu. Alikuwa mrefu na mpole, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Alitunga wimbo kuhusu kisima cha kwao, nusu Kisomali nusu Kiswahili, na ukikaa karibu naye ulisikia mpaka kamba ikishuka na ndoo. Ukikaa mstari wa nne, ulisikia feni.

Alipofika Kidato cha Nne, baba yake alimpigia simu. Mzee huyo ni mfugaji wa ngamia. Dekow alitaka kwenda chuo asomee ualimu wa muziki, na mzee hakuwa amekataa wala kukubali. Dekow alitueleza maneno yake akiwa ameketi kwenye kizingiti, akichezea kigingi kilichovunjika.

"Kasema atakuja Siku ya Wazazi. Atasikiliza wimbo mmoja. 'Nikisikia kitu, tutaongea. Nisiposikia kitu, hiyo mambo imeisha.'"

"Na atakaa wapi?" nikauliza.

"Hema la wazee."

Hakuna aliyefanya mzaha, hata mimi. Hema la wazee hufungwa upande wa mbali wa uwanja, penye kivuli cha ukuta, na Naibu hapangui mpangilio wake kwa ajili ya mtu. Shule ilikuwa na kipaza sauti kimoja. Tulijaribu. Tukikiweka mdomoni kwa Dekow, Ngamia ananyamaza. Tukikiinamisha kwa Ngamia, Dekow anapotea. Lakini stoo kulikuwa na spika ndogo yenye tundu la waya, imekaa miaka bila kazi. Mwalimu wa Muziki akasema tunachohitaji ni gitaa la mbao linaloingia umeme: ukilipiga bila waya linalia lenyewe, ukichomeka waya linalia kwa spika. Kinachofanya hivyo kinaitwa pikap, kidude kidogo kinachofichwa chini ya daraja, kikamate mtetemo na kuupeleka kwenye waya. Likumbukeni sana neno hilo.

Hapo nikapandishwa cheo tena, nikawa katika kamati ya ununuzi. Pesa tulikuwa nazo za kuuza sambusa muhula mzima. Zingetosha mbuzi mmoja na nusu, na nusu mbuzi hauziwi. Kwa hiyo Mwalimu alitufundisha kuchagua kama maskini mwenye akili.

Kwanza mbao ya juu, alisema, uso wa gitaa. Chungulia ukingo wa lile tundu la katikati. Mistari ya mbao ikipita moja kwa moja hadi ndani, ni mbao kamili. Ukiona matabaka kama ya chapati, ni plaiwudi. Plaiwudi si dhambi, inavumilia joto, ila sauti yake huchelewa kuamka. Pili shingo: lenga kwa jicho moja toka kichwani hadi tumboni, ikiwa imepinda rudisha. Tatu, bonyeza kila uzi nyuma ya kila kijiti cha chuma cha shingoni, usikie kama unanguruma. Nne, kama lina umeme, fungua kijumba cha betri uone kutu, chomeka waya wako mwenyewe, uutikise. Sauti ikikwaruza, muuzaji atakwambia ni waya wako.

"Na rangi, Mwalimu?" nikauliza.

"Rangi utainunua ukiwa na pesa za upuuzi."

Nauli ya kwenda Nairobi ingekula shingo nzima ya gitaa, basi tuliagiza kwa simu. Mwalimu alipata namba ya mfanyabiashara wa mtaa wa Islii huko Nairobi, akaweka simu mezani ili sote tusikie. Yule bwana alituma picha za uso wa gitaa, na mbao ilikuwa kamili, Mwalimu aliikuza picha mpaka ikawa madoa. Kisha akauliza lile swali.

"Ndugu yangu, sasa hili litakuja na pikap?"

"Itakuja na bikap, maalim. Bila wasiwasi."

"Una hakika? Maana bila pikap halitusaidii."

"Wallahi itakuja na bikap! Bikap ibo. Kila siku inatoka."

Mwalimu alifunika simu kwa kiganja. "Zinatoka kila siku," alitunong'oneza. "Ina maana zinanunuliwa sana." Akarudi kwenye simu. "Na hiyo pikap na gitaa, vimefungwaje? Ni ndani, au ni juu?"

"Ndani, walaal, ndugu yangu, ndani! Juu jua itachoma yote."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa kwa heshima. "Huyu anajua kazi yake," alisema. Tukatuma pesa.

Sisi sote tuliokuwa pale, ukimtoa Mwalimu, tunasema bikap nyumbani kwetu, maana Kisomali hakina p. Sote tunajua pikap za vitunguu zinazopanda kutoka Nairobi. Hata mmoja wetu hakushtuka.

Gitaa lilifika siku moja kabla ya Siku ya Wazazi. Pikap ilisimama langoni, nyuma imejaa vitunguu, na mbele, kando ya dereva, gitaa limekaa wima kwenye kiti likiwa limefungwa mkanda. Dereva alilishusha kama anayemshusha bibi harusi. Dekow alilitoa kwenye mfuko, akalizungusha taratibu. Ubavuni, hamna tundu. Chini, kwenye kitako, hamna. Akalizungusha tena. Hapo ndipo nilipomtazama dereva, nikaitazama gari yake, nikaelewa pikap ilikuwa ipi.

Mwalimu alipiga simu papo hapo.

"Uliniambia litakuja na pikap!"

"Maalim," ile sauti ikajibu kwa uchungu wa kweli, "kwani imekuja na bunda?"

Siku nyingine yoyote ningelala chini nicheke. Nilimtazama Dekow. Alikuwa amepiga magoti mchangani, ameshika gitaa jipya, zuri, lisilo na tundu, akilipapasa ubavu bado. Naibu akaja akisikia kelele. Mwalimu akamweleza. Naibu hakucheka wala kugomba.

"Ratiba imeshachapishwa," alisema. "Mtapanda baada ya mashairi. Kipaza sauti ni kimoja."

Kesho yake upepo ulikuwa unavuma kuelekea mtoni, mbali na hema la wazee. Nilimwona baba yake Dekow akifika, mtu mwembamba mwenye koti juu ya macawis, kikoi cha kwetu, fimbo mkononi. Alionyeshwa kiti cha plastiki safu ya nyuma. Dekow akapanda, akakisogeza kipaza sauti mdomoni, akaanza. Sauti yake ilitoka kwenye spika ikiwa peke yake, imekauka, kama mtu anayesoma matangazo. Gitaa tuliliona tu likipigwa. Kule hemani wazee walikuwa wameanza kusalimiana upya na kuulizana bei ya malisho. Mimi nilikuwa pembeni ya jukwaa na nilikuwa nasema kimoyomoyo, ya Rabbi, ya Rabbi, basi.

Ubeti wa kwanza ulipokwisha, mzee akasimama. Nilijua anaondoka. Dekow naye alijua, kwa sababu kidole chake kiliteleza na uzi ukanguruma. Lakini mzee aligeuka, akashika kile kiti cha plastiki mgongoni, akaanza kukikokota kukatiza uwanja mzima, miguu ya kiti ikichora mchanga.

Naibu akamkimbilia. "Mzee, samahani sana. Hema la wazee ni lile kule."

"Naona hema," mzee akasema bila kusimama. "Ngamia yangu ikiwa na ugonjwa haibigi kelele. Mimi ndio naenda, naweka sikio."

Alikiweka kiti mbele kabisa ya jukwaa, karibu kiasi kwamba fimbo yake ingegusa viatu vya mwanawe. Akaketi. Akanyoosha kidole kwenye kipaza sauti. "Hiyo chuma toa. Anza tena, aabo."

Kwetu aabo ni baba, na baba humwita mwanawe hivyo hivyo. Dekow akakiweka kando. Akaanza tena.

Sasa nawaambia jambo la kiufundi, mlisome kama lilivyo. Pesa ambayo ingelipia umeme wa gitaa lile, kumbe yote ilikuwa imeingia kwenye mbao. Lilikuwa gitaa zuri kupita uwezo wetu. Kwa karibu, lilikuwa na sauti ya chumba chenye watu wanaokupenda. Kamba ikashuka kisimani, ndoo ikagonga maji. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja mbele. Kisha mzee mwingine akaja na kiti chake, na mwingine. Naibu alisimama pale na ratiba yake mkononi. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kumbebea kiti mzee mmoja mwenye mguu mbovu.

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa walikuwa wanamngoja baba mtu. Alikuna mchanga kwa fimbo.

"Hiyo kisima," alisema mwishowe, "ilifukiwa mwaka wa ukame. Wewe ulikuwa mdogo. Nani alikwambia maji yake inalia hivyo?"

"Wewe, aabo. Ukiongea na mama."

Mzee akaangalia pembeni. "Rudia hiyo bahali ya maji," akasema. "Halafu tutaongea."

Waliongea. Dekow sasa yuko chuoni.

Gitaa lile bado lipo. Mnunuapo lingine, na ipo siku mtanunua, chagueni mbao kwanza. Kuna pikap ndogo za kubandika juu kwa bei nafuu. Umeme huongezwa baadaye, mbao mbovu haiongezwi kitu. Legezeni nyuzi likisafiri. Msililaze juani. Na kwenye simu msiseme pikap, semeni kile kidude cha ndani kinachokamata sauti, hata muuzaji akiwaona washamba.

Wiki jana nilikabidhi ufunguo kwa mmoja wenu, kijana mfupi mwenye maswali mengi. Nilimpa ufagio. Aliuegemeza ukutani, akalichukua gitaa, akauliza, "Hili lina pikap?"

"Lilikuja nayo," nikasema.

Akalizungusha akitafuta tundu, akalizungusha tena. Mwishowe akakata tamaa, akaanza kulipiga tu, kwa woga, kwa sauti ya kuibia. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nikarudi, nikachukua kiti, nikakisogeza mbele yake.

"Haya," nikamwambia. "Anza tena."